Aliyejitolea Mara Moja, Kwa Nini Arudi?

Katika kata ya Murukulazo, wilayani Ngara, kama ilivyo katika vijiji vingine vya mkoa wa Kagera, hakuna mtu mzima anayehitaji kufundishwa maana ya kusaidiana. Msiba ukitokea, majirani hukusanyika bila ya kuandikiwa barua. Mgonjwa akishindwa kutembea, vijana humbeba hadi zahanati. Shughuli ikiisha, kila mtu hurudi kwenye migomba yake na maharage yake. Na ikizuka shughuli nyingine, nyuso zinazoonekana ni zilezile.

Lakini watu haohao wanapoitwa na shirika lisilotafuta faida, mara nyingi mambo huenda kwa namna nyingine. Siku ya kwanza ya kuchangia damu, ya kuhamasisha chanjo au ya kusafisha chanzo cha maji, watu hufurika. Siku ya pili hupungua. Siku ya tatu mratibu huhesabu waliofika kwa vidole vyake, na jioni hulalamika kwamba moyo wa kujitolea umekufa. Je, umekufa kweli?

Makala haya yanashikilia kwamba lalamiko hilo limeelekezwa mahali pasipostahili. Mtu aliyekuja siku ya kwanza amekwisha kuthibitisha kwamba moyo anao. Swali lenye manufaa kwa taifa ni hili: miongoni mwa wale waliokuja mara moja, kwa nini baadhi hurudi na wengine hupotea? Uchunguzi wa kisayansi wa zaidi ya nusu karne unaonyesha kwamba jibu haliko sana katika kiasi cha wema aliokuja nao mtu. Liko zaidi katika yale aliyotendewa na aliyoyaona siku hiyo ya kwanza. Kwa maneno mengine, kurudi si tabia ya mtu peke yake. Ni matokeo ya kazi iliyofanywa, au isiyofanywa, na shirika.

Ujima una macho

Kabla ya kuyatazama mashirika, yafaa kuutazama ujima wenyewe. Kila sehemu ya Afrika Mashariki ina jina lake kwa kazi ya pamoja. Wapare huiita msaragambo. Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, nchini Burundi, huitwa ikibiri. Wengi hudhani kwamba desturi hizi zilidumu kwa sababu wazee wa zamani walikuwa wema kuliko watu wa leo. Dhana hiyo inapendeza kusikiliza, lakini haielezi kitu.

Ujima ulidumu kwa sababu tatu zilizo wazi. Kwanza, aliyeitwa aliitwa na mtu anayemjua, kwa jina lake, mlangoni pake. Pili, aliyesaidia aliona kwa macho yake matunda ya jasho lake: shamba lililokuwa pori asubuhi limelimwa jioni, na nyumba iliyokuwa wazi imeezekwa. Tatu, kila mmoja alijua kwamba zamu yake itafika, na kwamba aliyesaidiwa leo ndiye atakayesaidia kesho. Wema ulikuwapo, lakini ulizungukwa na macho ya kijiji na kumbukumbu ya kijiji.

Shirika la kisasa huvunja kamba hizi zote tatu bila ya kukusudia. Wito hutolewa kwa kipaza sauti, au kwa tangazo lililobandikwa ofisini kwa mtendaji wa kata. Anayesaidiwa ni mgeni asiyejulikana: mtoto aliyelazwa katika hospitali ya mbali, au mkimbizi atakayerejea kwao. Wala hakuna zamu ya kurudishiwa. Mtu hutoa nguvu zake, hupewa asante ya jumla pamoja na umati, na kazi yake hutokomea asikoweza kuifuata kwa macho. Ajabu si kwamba wengi hawarudi. Ajabu ni kwamba wako wanaorudi. Kwa hiyo anayetaka kujua sababu ya kurudi hana budi kuuliza ni nini kinachoshika nafasi ya zile kamba tatu.

Uzito wa jambo hili kwa Ngara na Biharamulo

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni suala dogo la uendeshaji wa ofisi. Historia ya wilaya hizi mbili inakanusha.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara wakikimbia mauaji na vita. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kwa siku chache. Mashirika yaliyokuwapo kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1993, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kikiwa miongoni mwao, yalihitaji mikono papo hapo: ya kupanga watu mistari, kugawa chakula, kubeba wagonjwa na kuchimba vyoo. Katika saa kama hizo hakuna nafasi ya semina. Mtu aliyekwisha kugawa chakula siku moja anajua jinsi msongamano unavyoanza na jinsi unavyozuiwa. Asiyewahi kufanya hivyo hujifunza kwa gharama ya wengine.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na maabara, na wengine 8 walihesabiwa kuwa yamkini waliugua ugonjwa huohuo. Wote 10 walifariki. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Silaha kubwa ni kumtafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kumwangalia kwa siku 21, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa kiasi hicho kabla ya kujitokeza. Kazi hiyo huhitaji mtu wa kubisha hodi katika nyumba yenye hofu, leo, kesho na keshokutwa, na akafunguliwa. Mlango haufunguliwi kwa sababu ya fulana yenye nembo. Hufunguliwa kwa sababu aliyebisha hodi ndiye yule aliyekuja mwaka jana kwa ajili ya chanjo ya watoto, na hakudanganya.

Hekima hii ndiyo iliyozaa Msalaba Mwekundu wenyewe. Baada ya vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, tarehe 24 Juni 1859, Henri Dunant aliwaona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwauguza askari wa pande zote mbili bila kubagua. Moyo ulikuwapo tele. Kilichokosekana ni maarifa na maandalizi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1862, Dunant alipendekeza viundwe vyama wakati wa amani ili watu wa kujitolea wawe tayari kabla ya maafa. Maana ya pendekezo hilo ni moja: msaidizi wa siku moja afanywe msaidizi anayerudi. Na mwaka 1965, huko Vienna, huduma ya kujitolea ilitajwa rasmi kuwa mojawapo ya kanuni 7 za Msalaba Mwekundu.

Hesabu ya wanaorudi

Wanafunzi wanaosoma mfululizo wa kijiometri wanaweza kuipima thamani ya kurudi kwa kalamu na karatasi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba watu 100 wamejitolea kwa mara ya kwanza, na kwamba kila mara asilimia 60 ya waliokuja hurudi. Mahudhurio yatakuwa 100, 60, 36, kisha takriban 22 na 13, na kadhalika. Kanuni ya jumla ya mfululizo usio na mwisho ni kipengele cha kwanza kugawanywa kwa tofauti ya 1 na uwiano. Jumla ya mahudhurio yote ni 100 ÷ (1 − 0.6), yaani 250.

Sasa kiwango cha kurudi kipande hadi asilimia 80. Mahudhurio yatakuwa 100, 80, 64, 51, 41, na jumla yake ni 100 ÷ (1 − 0.8), yaani 500. Kazi iliyopatikana imekuwa mara mbili, na hakuna mtu mpya hata mmoja aliyetafutwa. Ili kufikia jumla hiyohiyo bila ya kuboresha kurudi, shirika lingelazimika kuwatafuta waanzaji 200 badala ya 100. Hata hivyo, mashirika mengi hutumia nguvu nyingi katika matangazo ya kuwaita wapya, na hutumia kidogo sana kuwashika waliokwisha kuja. Ni sawa na mtu anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka, na kila siku akatafuta kisima kikubwa zaidi.

Damu: mfano ulio mlangoni mwa shule

Hakuna mahali ambapo hesabu hii inagusa uhai wa watu kama katika utoaji wa damu. Shirika la Afya Duniani limezoea kukadiria kwamba nchi huhitaji kila mwaka walau chupa za damu zilizo sawa na asilimia 1 ya watu wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania; kwa kadirio hilo nchi huhitaji chupa zipatazo 617,000 kwa mwaka. Damu hiyo huwaendea akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, watoto walioishiwa damu kwa malaria, na majeruhi wa ajali. Wala haiwezi kulimbikizwa kama mahindi ghalani, kwani chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 tu hata zikihifadhiwa vyema kwenye jokofu. Damu inayohitajika mwezi Agosti haiwezi kuwa ile iliyotolewa mwezi Mei.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, umewategemea sana vijana wa shule. Mtu mzima mwenye afya njema hutoa damu kuanzia umri wa miaka 18, akiwa na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huweza kurudia baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4. Kwa hiyo kama kila mtoaji angetoa mara 2 tu kwa mwaka, watoaji wapatao 310,000 wangetosheleza kadirio la nchi nzima. Zaidi ya hayo, damu ya anayerudi ni salama zaidi, kwa kuwa imekwisha kupimwa mara kadhaa, na mwenyewe amejifunza kujitunza.

Ugumu unajulikana na kila mwalimu. Shule zikifungwa, ugavi wa damu hupungua. Kijana wa kidato cha 6 hutoa damu kwa sababu gari la damu limekuja shuleni, wenzake wamepanga mstari na mwalimu anatazama. Akimaliza shule na kurejea kijijini, gari halimfuati, mstari haupo, na mwalimu haonekani. Hakuacha kuwa mwema siku alipokabidhi funguo za bweni. Kilichobaki shuleni ni zile kamba zilizokuwa zikimvuta.

Zimbabwe ilitafuta dawa ya ugonjwa huo mapema. Mwaka 1989 idara ya damu ya nchi hiyo ilianzisha chama cha vijana walioahidi kutoa damu mara 25. Kijana hakuambiwa tu "njoo leo"; alipewa safari ndefu yenye hatua za kuhesabika, wenzake wa kusafiri nao, na jina la kujiita. Wazo hilo limeigwa katika nchi nyingi. Ubora wake haumo katika namba 25 yenyewe, bali katika kuigeuza siku moja kuwa mwanzo wa siku nyingine.

Wanayosema wataalamu wa elimunafsi

Kwa nini jina na safari viwe na nguvu kuliko hotuba? Wataalamu wa elimunafsi wamelichunguza jambo hili kwa njia mbalimbali.

Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser walichapisha jaribio lililofanywa California. Wenye nyumba fulani waliombwa kusimamisha uani kibao kikubwa, cha sura mbaya, cha kuhimiza uendeshaji wa uangalifu. Katika kundi lisiloombwa lolote kabla, asilimia 17 tu walikubali. Katika kundi ambalo wiki mbili nyuma lilikuwa limekubali kuweka alama ndogo kabisa yenye ujumbe wa namna hiyohiyo, asilimia 76 walikubali. Tendo dogo lilikuwa limebadili jinsi watu hao walivyojiona.

Jane Piliavin na Peter Callero, katika kitabu chao cha mwaka 1991 kuhusu watoaji damu, waliifuatilia safari hiyo hatua kwa hatua. Mwanzoni mtu hutoa kwa kusukumwa na rafiki, mwalimu au ndugu. Baada ya kurudia mara kadhaa, msukumo wa nje hupungua na wa ndani hukua, hadi mtu akafika mahali pa kusema "mimi ni mtoaji damu", kama vile mwingine asemavyo kwamba yeye ni mkulima au fundi. Hapo haulizi tena kama atatoa. Huuliza ni lini.

Allen Omoto na Mark Snyder nao walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wao kuhusu watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI nchini Marekani. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Waliodumu zaidi hawakuwa wale waliokuja kwa sababu ya huruma peke yake. Walikuwa zaidi wale waliotaja pia faida iliyowahusu wenyewe, kama vile kujifunza jambo jipya na kukua katika utu wao. Baadaye, mwaka 1998, Snyder pamoja na Gil Clary na wenzao waliorodhesha sababu 6 za kujitolea: kutimiza imani na maadili, kujifunza, kuwa pamoja na watu, kujiandaa kwa kazi ya maisha, kujipunguzia majonzi au lawama ya moyo, na kujikuza. Walionyesha kwamba mwenye kupata kile alichokijia ndiye anayekusudia kuendelea.

Mwalimu asione haya kulieleza hili darasani. Kijana anayekwenda zahanati kusaidia kuandika kadi kwa sababu anatamani kuwa daktari hajaharibu wema wake. Amempa shirika mkono wa kumshika. Akija kujifunza, naye akapewa kazi ya kubeba viti kutwa nzima, hatarudi, na hapo si yeye wa kulaumiwa.

Suala la posho

Hapa ndipo hoja nyingi hukwama. Wako wanaosema kwamba dawa ni moja tu: posho iongezwe. Wako wengine wanaosema kwamba posho ndiyo iliyoua kujitolea, na kwamba tangu mashirika ya nje yalipojaa mkoani wakati wa wakimbizi, hakuna anayenyanyua jembe bila ya kuuliza malipo. Kila upande una sehemu ya ukweli, na sayansi husaidia kuzitenga sehemu hizo.

Mwaka 1970 Richard Titmuss, mwalimu wa chuo kikuu jijini London, aliilinganisha Uingereza, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako wakati huo nyingi ilinunuliwa. Alidai kwamba kulipia damu hupunguza ubora wake na hudhoofisha moyo wa kutoa. Wachumi wengi walimpinga, na kwa miaka mingi ubishi ulibaki wa maneno. Kisha majaribio yakafuata. Uri Gneezy na Aldo Rustichini, katika makala ya mwaka 2000, walieleza jinsi wanafunzi 180 wa sekondari nchini Israel walivyotumwa nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi la kwanza halikulipwa kitu. La pili liliahidiwa asilimia 1 ya makusanyo, na la tatu asilimia 10. Waliokusanya nyingi zaidi ni wale ambao hawakulipwa; walioahidiwa asilimia 1 walikusanya kidogo kuliko wote. Malipo madogo yaliigeuza heshima kuwa kibarua, tena kibarua cha bei ya chini.

Mwaka 2008 Carl Mellström na Magnus Johannesson walilipima dai la Titmuss katika mji wa Gothenburg, Sweden. Miongoni mwa wanawake, asilimia 52 walikuwa tayari kuwa watoaji damu bila ya malipo. Walipoahidiwa fedha kidogo, waliokubali walishuka hadi asilimia 30. Waliporuhusiwa kuipeleka fedha hiyo kwenye shirika la hisani, walipanda tena hadi asilimia 53. Kwa wanaume tofauti haikuwa kubwa. Fundisho lake ni kwamba fedha si kitu kibaya chenyewe. Ubaya unakuja inapobadili maana ya tendo.

Lakini fundisho hili lisigeuzwe fimbo ya kuwapigia maskini. Kuna tofauti kubwa kati ya anayetoa siku 3 kwa mwaka na anayetembea kila wiki kutoka kitongoji hadi kitongoji akifuatilia wajawazito na wagonjwa wa kifua kikuu. Huyu wa pili anafanya kazi, na mfanyakazi anastahili ujira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na kazi yao. Na Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu 137,294 wa aina hiyo katika miaka 5. Kuita kazi ya kila siku "kujitolea" ili isilipwe ni dhuluma iliyovikwa nguo ya uzalendo. Na kwa msaidizi wa siku moja, nauli na chakula cha mchana si malipo. Ni kuhakikisha kwamba wema wake haumtii hasarani. Asiyerudishiwa nauli atarudi mara moja, pengine mara mbili, kisha mfuko wake utamkataza hata kama moyo unamtuma. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hawakusema kwamba mwenye moyo alale njaa.

Kadhalika, kulazimisha si dawa. Mahali ambapo asiyefika kazini hutozwa faini, kazi huenda ikafanyika, lakini hiyo ni kodi inayolipwa kwa mikono. Sheria ikilegea, watu hutawanyika, kwa maana hawakupata nafasi ya kujiona kuwa wametoa kwa hiari yao.

Yanayowezekana kutendwa

Ikiwa hoja hizi ni sahihi, shirika linalotaka watu warudi halina haja ya kusubiri wafadhili. Lina haja ya kuzirudisha zile kamba tatu za ujima kwa njia zinazofaa zama hizi.

Kamba ya kwanza ni wito wa mtu kwa mtu. Daftari lenye majina, kitongoji na namba za simu za waliokuja mara ya kwanza lina thamani kuliko mabango 100. Anayepiga simu na awe mtu aliyefanya naye kazi siku ile, si sauti ya ofisini asiyoijua.

Kamba ya pili ni kuonyesha matunda. Jijini Stockholm mtoaji damu hupelekewa ujumbe mfupi wa simu damu yake inapotumika kwa mgonjwa. Hilo halihitaji mitambo mikubwa. Hata barua moja ya mganga mkuu, isomwe mstarini shuleni, ikisema kwamba chupa zilizotolewa mwezi uliopita zilitumika kwa akina mama kadhaa na watoto kadhaa, hufanya kazi hiyohiyo bila kumtaja mgonjwa yeyote. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ni ushahidi wa nchini. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya redio, wakiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo mafupi. Kazi ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, wiki 12, na matunda yake yalionekana uani kwa kila mmoja: choo kimechimbwa, majani yamefyekwa, maji yanachemshwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kazi yake ilifaa.

Kamba ya tatu ni zamu. Anayemaliza siku yake asiambiwe "asante, tutakuita". Aambiwe tarehe, mahali na kazi, na kazi hiyo iwe ya juu kidogo kuliko ile ya kwanza. Aliyebeba viti leo aandike majina mara ijayo, na baadaye amfundishe mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kujitolea apewe jembe mapema, tena lenye makali, maana hakuna kinachomfukuza mtu upesi kama kukaa bila kazi mahali alipokuja kusaidia.

Kazi ya shule

Shule za sekondari zina nafasi ambayo hospitali na mashirika hayana: ziko karibu na vijana miaka 4 hadi 6 mfululizo. Wanafunzi wasiofikia umri wa kutoa damu wanaweza kuanza kwa kazi ndogo katika vikundi vya vijana vya Msalaba Mwekundu, ili utoaji utakapowafikia uwakute wamekwisha kujiona kuwa watu wa kusaidia. Wanaohitimu waondoke na zaidi ya cheti: waondoke wakijua kituo cha afya kilicho karibu na kijiji chao, na mtu wa kumwona pale.

Aidha, jambo hili ni somo zuri la uchunguzi. Darasa linaweza kuchukua shughuli moja ya kujitolea ya shule, likaandika waliofika kila mara, likapata uwiano wa wanaorudi na kuuchora kwenye grafu. Kisha wagawanywe kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lipewe taarifa ya matunda ya kazi na kuitwa kwa jina, jingine liitwe kwa tangazo la kawaida. Baada ya muhula mmoja matokeo yalinganishwe, na baada ya hapo makundi yote yapewe ile njia iliyoonekana bora. Hakuna maabara inayohitajika, na watakachokigundua kinaweza kumfaa hata mganga wa wilaya.

Maafa mengine yatakuja Kagera, kama yalivyokuja mwaka 1994 na mwaka 2025. Hayatasema yanakuja lini, wala hayatasubiri watu wafundishwe. Kitakachoamua ni kama siku hiyo kutakuwa na daftari lenye majina ya watu waliokwisha kurudi mara tatu, mara nne, wanaojua kazi na wanaojulikana milangoni. Daftari hilo huandikwa siku za kawaida, jina moja moja, na mtu anayekumbuka kuuliza: yule aliyekuja mara ya kwanza jana, nani atamwita kesho?